Linatoka Lakini Halirudi: Kulielewa Turubai la Umeme la Trela

Turubai la umeme la trela ya kulala kambini, lile linalotandazwa ubavuni mwake kuwa kivuli, likigoma, hukumu hutolewa haraka: mota imeungua. Mwenye trela anasema hivyo, marafiki walioketi kambini wanasema hivyo, na fundi wa kwanza kuitwa, akishabonyeza swichi mara mbili na kuona hakuna kinachosogea, naye anaafiki. Mota inaagizwa kutoka nje, inangojewa wiki kadhaa, inafungwa, na turubai linakwama palepale lilipokuwa likikwama. Si kwamba mota haziungui. Huungua. Lakini katika mtambo huu mota ni mfanyakazi mmoja tu kati ya kadhaa, na asiyejua nani anafanya kazi gani hawezi kujua ni nani aliyegoma.

Maungo yenyewe si mengi. Turubai ni kitambaa cha vinaili au akriliki. Upande mmoja umeshikwa kwenye mfereji wa alumini ukutani mwa trela, na upande wa pili umeviringishwa kwenye rola, yaani lile bomba refu linalosafiri na kitambaa kwenda nje. Rola inabebwa na mikono miwili, mmoja kila ncha. Katika kila mkono mna shoki ya gesi, ya ukoo mmoja na ile inayoinua mlango wa nyuma wa Probox. Mota ya volti 12 imefichwa kwenye ncha moja ya rola pamoja na gia za kupunguza mwendo. Ncha ya pili haina mota. Ina ekseli na bushi tu, na huzunguka kwa kufuata.

Wengi wakiona turubai likitoka hudhani mota ndiyo inayolisukuma. Mota haisukumi chochote. Zinazosukuma ni zile shoki mbili, ambazo zinataka kujinyoosha saa zote, hata trela ikiwa imelala gereji. Wakati wa kutandaza, mota inalegeza kitambaa taratibu na shoki zinakipeleka nje. Wakati wa kukunja ndipo mota inapovuta kwa nguvu zake zote, kwa sababu inashindana na shoki mbili, uzito wa rola na kitambaa, na vumbi lote lililoingia kwenye viungo. Ni kama kuteka maji kisimani: ndoo hushuka kwa uzito wake, wewe unaachia kamba tu, jasho linakutoka wakati wa kupandisha. (Yale maturubai ya sanduku yenye mikono ya kiwiko hutumia springi badala ya gesi, lakini mambo ni yaleyale.)

Ukishaelewa hilo, swali la kwanza linabadilika. Huulizi tena kama mota ni nzima. Unauliza: limegomea wapi, kutoka au kurudi?

Turubai linalotoka vizuri na kugoma kurudi limepungukiwa na nguvu au limezidiwa na mzigo. Tafuta betri chovu, waya mwembamba, maji yaliyotuama juu ya kitambaa, kiungo kikavu. Turubai linalorudi vizuri na kugoma kutoka ni kesi nyingine kabisa. Hapo utasikia mota ikizunguka na kuona kitambaa kikilegea kwenye rola na kuning'inia tumbo, huku mikono imekaa kimya ukutani. Shoki zimekufa au viungo vya mikono vimeganda. Mota hapo haina hatia, na ukiendelea kubonyeza swichi utalundika kitambaa kilicholegea ambacho baadaye kitajikunja vibaya na kukupa ugonjwa wa pili. Lisilosogea upande wowote, basi tega sikio kabla hujashika spana.

Zima redio, mwambie mtu abonyeze swichi, wewe simama kwenye ncha yenye mota. Kama kuna kimya kabisa, umeme haujafika. Anza na swichi kuu ya betri, ile nyekundu ya kuzungusha ambayo mtu huizima trela ikienda kulazwa kisha akasahau. Halafu fyuzi. Usiitazame tu kwa macho. Hizi fyuzi za magari zina vidoa viwili vya chuma juu, gusa kila kimoja kwa testa na uone kama umeme uko pande zote mbili. Na ukiikuta imekatika, weka ya ampea zilezile. Kuna tabia ya kuondoa ya 15 na kuweka ya 30 ili "isisumbue tena". Fyuzi iko pale kulinda waya, na waya wa trela umepita ndani ya ukuta wa mbao na povu. Ukishika moto humo, utaujua kwa moshi.

Kuna kimya kingine kinachodanganya. Mota nyingi za aina hii zina kinga ya joto ndani yake: zikipata moto kupita kiasi zinajizima, na zikipoa zinaamka. Mtu anabonyeza, turubai linasogea kidogo, anabonyeza tena na tena chini ya jua la saa nane, kisha kila kitu kinanyamaza. Anaita fundi. Fundi anafika baada ya nusu saa, anabonyeza, turubai linakwenda. Wote wanacheka na kusema limejitengeneza. Halijajitengeneza. Mota imesema kwamba inabebeshwa mzigo usio wake, na wiki ijayo itasema tena.

Ukisikia "ta" moja kavu bila kitu kingine, hiyo ni rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme badala ya kidole. Umeme umefika kwenye kidhibiti lakini haufiki kwenye mota: pointi za shaba zimeliwa, au waya umekatika kati ya ukuta na mkono, pale unapojikunja kila mara turubai linapotoka na kuingia. Wakati mwingine ni sisimizi. Hupenda kuingia kwenye swichi na rilei, wanabanwa katikati ya pointi na kuzizuia zisigusane. Inasikika kama mzaha hadi ufungue kifuniko.

Mvumo mzito bila mzunguko maana yake umeme umefika lakini hautoshi, au kuna kitu kimeishika rola. Na ikiwa unasikia mota inazunguka kwa furaha lakini rola haisogei, basi gia imevunjika meno, au pini inayofunga mota na rola imekatika, au riveti za kifuniko cha ncha zimeng'oka. Hii ndiyo hali pekee kati ya hizi zote ambapo kufungua ncha ya mota ni hatua ya kwanza.

Sasa turudi kwenye umeme usiotosha, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Katika yadi moja Industrial Area, Nairobi, nilimwona fundi wa waya akimaliza ubishi wa mota kwa mita ya kupimia volti ya bei ya chini, zile zinazouzwa kila duka la Luthuli Avenue. Mwenye trela alikuwa ameshakubali kuagiza mota. Fundi akapima betri: volti 12.2. Akafungua kifuniko cha ncha ya rola, akachomeka sindano za mita kwenye waya mbili za mota, akasema, "Mzee, bonyeza kukunja." Mota ikavuma, mita ikasoma 9.8.

"Mzee, mota yako ni nzima. Ina njaa."

"Lakini fundi, betri nilinunua juzi tu."

"Betri sina neno nayo. Huu waya ni wa taa za nyumba."

Ilikuwa hivyo. Mtu fulani, wakati wa kuhamisha betri kutoka mbele ya trela kwenda chini ya kitanda, alikuwa ameunga waya wa milimita 1.5 za mraba, uleule tunaopitishia taa za dari. Kwenye umeme wa nyumba wa volti 240 waya huo hauna shida. Kwenye volti 12 ni balaa, na hesabu yake si ngumu. Shaba yenye unene wa milimita moja ya mraba ina ukinzani wa takriban omu 0.0175 kwa kila mita. Ikiwa mota iko mita 8 kutoka kwenye betri, umeme unasafiri mita 16, kwenda na kurudi. Zidisha, gawanya kwa 1.5, unapata karibu omu 0.19. Mota ikivuta ampea 10, karibu volti 1.9 zinaishia njiani zikipasha waya joto. Zilizobaki za kufika kwenye 9.8 zilikuwa zimeliwa na kiungo kimoja kilichosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa selotepu, ambacho kilipofunguliwa kilikuwa kijani ndani. Kwa waya wa milimita 4 za mraba, safari ileile ingepoteza volti 0.7 tu.

Kipimo hicho hakina maana kama mota haifanyi kazi wakati unapima. Hili husahauliwa sana. Waya uliooza hadi ukabaki nyuzi mbili tatu utakuonyesha volti 12 kamili mradi hakuna ampea zinazopita. Fundi anapima, anaona 12, anasema umeme upo, kwa hiyo mota imekufa. Pima mota ikiwa inabebeshwa mzigo, na wewe umebonyeza upande wa kukunja, si wa kutandaza.

Betri nayo ina kipimo chake. Betri ya asidi iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.7; ikifika 12.2 imebaki kama nusu. Chini ya 12 usitarajie turubai kurudi. Taa za ndani zitawaka vizuri tu, na ndizo zinazompoteza mtu: "betri ina moto, si unaona taa?" Taa ya ledi haivuti hata ampea moja.

Kuna njia moja ya betri kufa ambayo ni yetu hasa. Trela zinazokuja na turubai la umeme tangu kiwandani mara nyingi ni za Marekani, na Marekani soketi ya kambini hutoa volti 120 kwa hezi 60. Hapa Kenya ni 240 kwa hezi 50. Chaja ya ndani ya trela hiyo, ile inayogeuza umeme wa ukutani kuwa volti 12, kama si ya kupokea volti zote mbili, huungua siku ya kwanza ikichomekwa bila transfoma. Trela haionyeshi dalili mara moja, maana betri bado imejaa. Siku chache baadaye friji inasuasua, turubai linatoka halirudi, na hakuna anayekumbuka soketi. Ukinunua trela ya namna hiyo, pima betri kabla na baada ya kuchomeka: ikichajiwa lazima volti zipande juu ya 13. Zisipopanda, hata mota kumi mpya hazitakusaidia. Na kwa kuwa tuko hapo, trela hizo zina turubai upande wa kulia, kwa sababu wao huendesha kulia na hiyo ndiyo kando yao ya barabara. Kwetu upande huo unatazama magari yanayopita. Usibonyeze swichi ukiwa umeegesha kando ya Mombasa Road.

Mota ya volti 12 haijui mbele wala nyuma. Inajua chanya na hasi. Swichi ikibonyezwa upande mmoja, waya huu unapata chanya na ule hasi; upande wa pili zinabadilishana. Ndiyo maana swichi mbovu inaweza kufanya kazi upande mmoja tu, na ndiyo maana turubai linaloshindwa upande mmoja halithibitishi chochote kuhusu mota hadi uijaribu mota peke yake. Chomoa waya zake mbili, peleka umeme kutoka betri ya gari kupitia fyuzi, kisha geuza waya. Ikizunguka vizuri pande zote mbili, achana nayo, tatizo liko nyuma yake. Ila mweke mtu mmoja kwenye kila mkono kabla ya kufanya hivyo, maana turubai litasogea kweli.

Kuna kichekesho kimoja hapa ambacho kimewazungusha hata mafundi wazuri. Turubai likishatoka lote, mota za aina fulani hazisimami zenyewe. Ukiendelea kubonyeza, rola inaendelea kuzunguka na kitambaa kinaanza kujiviringisha upande wa pili, kinyume. Turubai linaanza kurudi ilhali umebonyeza kutoka. Mtu anaachia, anashangaa, anabonyeza kukunja, na turubai linatoka. Anahitimisha kwamba waya zimegeuzwa. Fundi anazigeuza. Sasa kila kitu kinaonekana sawa, ila kitambaa kimeviringika kwa ndani-nje, maji ya mvua yanaingia kwenye mkunjo, na turubai halikai vizuri ukutani. Dawa ni kubonyeza hadi kitambaa chote kifunguke, uone kinapogeuka, na kuendelea upande ulio sahihi. Utaujuaje? Piga picha ya ncha ya rola leo, turubai likiwa zima, uone kitambaa kinatokea juu ya rola au chini yake. Picha hiyo itakuokoa siku moja.

Tukiacha waya, twende kwenye mikono. Hapa nchi yetu ina mambo yake. Trela ikitoka Lang'ata kwenda Olorgesailie na Magadi inashuka kutoka takriban mita 1,800 hadi kama mita 600, na inakutana na vumbi lenye magadi yenyewe, ile chumvi ya ziwa inayopenda unyevu na kula alumini. Viungo vya mikono vikilowa hiyo na kukauka, vinakazana. Lakini kuna jambo la pili kwenye safari hiyo ambalo watu hawalifikirii. Gesi iliyofungiwa ndani ya shoki huongeza shinikizo kadiri joto linavyopanda. Kutoka nyuzi 15 za asubuhi ya Nairobi hadi nyuzi 35 za mchana wa Magadi, shinikizo hupanda kama asilimia 7. Wakati huohuo waya za shaba ndani ya mota, zikipata joto lilelile, huongeza ukinzani kwa kiasi kinachokaribiana na hicho, na mota inadhoofika. Yaani shoki zimepata nguvu na anayeshindana nazo amechoka. Turubai lililokuwa likirudi kwa shida kidogo nyumbani litagoma huko kabisa, halafu jioni kukipoa litakubali. Ukiambiwa "huwa linagoma Magadi tu", mwenye trela haoti ndoto. Mtambo wake ulikuwa ukingoni tangu nyumbani.

Kiungo kikavu hakihitaji grisi. Grisi hushika vumbi, na vumbi likishakaa kwenye grisi linakwaruza bushi hadi zilegee. Osha kwa maji safi, kausha, kisha nyunyiza silikoni kavu kwenye kila egemeo la mkono na kwenye ile ncha isiyo na mota. Ile ncha ya pili ndiyo inayosahauliwa kila mara, kwa kuwa haina waya wala sauti. Bushi yake ikishika, rola inazunguka upande wa mota na kujipinda upande wa pili, na kitambaa kinaingia mshazari.

Angalia pia ndani ya mkono kabla ya kulaumu chochote. Nyigu wale wanaojenga kwa udongo hupenda mfereji wa mkono wa turubai kuliko mahali pengine popote: una kivuli, una upana wa kidole, na kwa miezi hausogezwi. Wanajaza udongo, unakauka kama tofali, na mkono unashindwa kuingia sentimita mbili za mwisho. Mota inavuma, mtu anabonyeza tena, kitu kinapinda. Bisibisi na brashi ya waya vinamaliza kazi kwa dakika chache.

Mikono ikipinda, hasa baada ya kukwaruzwa na tawi, jicho halioni vizuri. Tumia futi. Tandaza turubai, pima kutoka egemeo la juu la mkono wa kushoto hadi ncha ya kulia ya rola, kisha kinyume chake. Vipimo viwili vikilingana, mraba uko sawa. Visipolingana, mkono mmoja umepinda, au shoki moja imechoka kuliko nyingine, au kitambaa kimeteleza kwenye mfereji wa rola na kusogea upande mmoja. La mwisho ndilo rahisi kuliko yote: utaona pindo limekaribia ncha moja na nafasi imebaki kwenye ncha nyingine. Kivute kirudi katikati, kisha kibane kwa skrubu ndogo pande zote mbili. Na kama ulishusha mkono mmoja ili maji yatiririke, urudishe usawa kabla ya kukunja; turubai lililoinama halikunjiki sawasawa hata mota iwe na nguvu za trekta.

Maji yenyewe yana uzito kuliko watu wanavyodhani. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, na lita moja ni kilo moja. Turubai la mita 4 kwa 2.5 lina mita 10 za mraba. Mvua ya Aprili ya milimita 20 ikilinyeshea, hizo ni lita 200. Nyingi zitatiririka kama kitambaa kimekazwa, lakini kikilegea katikati hata robo yake ikituama ni kilo 50 zimekaa mahali pamoja, mbali na ukuta. Usikunje na maji juu. Sukuma tumbo la kitambaa kutoka chini kwa ufagio laini, maji yamwagike, ndipo ubonyeze.

Na ukilikunja likiwa limelowa, lifungue tena siku ya pili au ya tatu likauke. Vinaili iliyokunjwa na unyevu na majani ya jakaranda ndani hushikamana yenyewe kwa yenyewe, hasa trela ikisimama juani. Utasikia linapofunguka sauti ya kubanduka. Hapo watu huvuta kwa mikono na kupasua. Afadhali uache jua lilipashe, kisha lifunguke kidogo kidogo, uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini. Dawa za kuua madoa za klorini zinakula uzi wa mishono.

Sasa uko Naivasha, upepo wa alasiri umeanza kutoka ziwani, turubai liko nje na limegoma. Hapa si wakati wa kutafuta chanzo. Leta gari karibu, washa injini ili betri yake ipande kuelekea volti 14, na upeleke umeme wa gari moja kwa moja kwenye waya za mota kupitia fyuzi, kwa nyaya nene. Watu wawili wasukume mikono kuelekea trela kwa mwendo mmoja, wakishika mbali na maegemeo ili vidole visibanwe. Mara nyingi litaingia. Likikataa, tazama kitabu chake: aina kadhaa zina tundu chini ya kifuniko cha ncha la kuingiza drili au mpini wa kuzungusha. Likishaingia, funga kila mkono kwa mkanda wa mizigo kwenye ukuta wa trela, juu na chini. Kumbuka shoki bado zinasukuma nje, na upepo wa lori likupitalo unatosha kuzisaidia.

Hizo shoki ndizo sehemu ya mtambo huu inayoumiza watu. Usifungue bolti ya shoki, wala usitoe mota kwenye rola, kabla mikono haijafungwa kwa mkanda. Mota ndiyo breki ya mtambo mzima. Ukiitoa, mkono unaruka. Na shoki iliyokufa usiitoboe kuona kama ina gesi.

Shoki mpya si lazima ziwe za kampuni iliyotengeneza trela. Kwenye mwili wa shoki huwa kumeandikwa nguvu yake kwa nyutoni, namba ikifuatwa na herufi N. Chukua namba hiyo, urefu ikiwa imenyooka, urefu ikiwa imebanwa, na aina ya vichwa vyake, uende navyo kwa wauzaji wa vipuri Kirinyaga Road. Badilisha zote mbili kwa pamoja; mpya moja na nzee moja zitalipeleka turubai mshazari. Na jihadhari na ushauri wa kuweka zenye nguvu zaidi "ili litoke haraka". Kila nyutoni unayoongeza, mota italazimika kuipiga wakati wa kurudi.

Kitambaa kinaweza kushonwa hapahapa Nairobi na mafundi wanaoshona maturubai ya malori, mradi uwapelekee kile cha zamani kizima pamoja na kipande cha kamba ya pindo. Kamba hiyo ikizidi unene kwa milimita moja haiingii kwenye mfereji wa rola. Ikipungua, inachomoka siku ya upepo.